Ng'ombe wa Chidosa

Nilishuka Bahi na begi la magurudumu
ambayo mchanga uliyakataa hatua ya tatu.
Madeje akalitwaa, akalitia kichwani
kama debe la maji:
"Ndugu yangu wa Muheza, huku gurudumu ni la baiskeli."
Wanawake kisimani wakasema, "Mbukwenyi!"
Nami, damu yao, nikajibu, "Shikamooni."

Nilikuja kuona tembe.
Niseme kweli: nilikuja kuipiga picha,
paa lake la udongo lililoota nyasi,
watu na ndama wakipita mlango mmoja,
kama babu Chidosa alivyotuchorea kwa kijiti
kwenye vumbi la kambi ya mkonge,
akifuta kwa kisigino kila alipokosea.

Lakini wenyeji walikuwa na ratiba yao.
Siku ya kwanza, mjini, stesheni ya treni ya umeme,
tukapanda ngazi zinazojipandisha zenyewe
tukashuka, tukapanda tena, hatusafiri popote.
Siku ya pili Mtumba, wizara baada ya wizara,
Madeje akisoma vibao kwa sauti
kama anayetambulisha mashemeji.
"Hapa palikuwa pori. Pori tupu! Piga picha."
Nikapiga.
"Na hapo."
Nikapiga na hapo.

Siku ya tatu nikauliza: tembe?
Shangazi Sechelela akanyoosha mkono wenye unga wa uwele
kuelekea nyuma ya choo.
Tuta la udongo mwekundu, halifiki goti,
mbuzi wawili juu yake wakipimana pembe.
"Mvua iliishusha usiku mmoja.
Tulishukuru. Ilijaa papasi."

Usiku, kwenye sinia la ugali na mlenda,
aliniuliza, bila kunitazama,
kama babu aliwahi kumpata yule ng'ombe.
Ng'ombe gani?
Ndipo wakanisimulia, wakipokezana:
aliaga asubuhi, fimbo begani,
anamfuata jike mmoja mwekundu aliyepotea,
na lori la manamba likampitia njiani.
Hadi leo, hapa Chipanga,
mtoto akitumwa chumvi akakawia,
husemwa amefuata ng'ombe wa Chidosa.

Nilicheka nao.
Tonge likanikwama kidogo.
Kwetu hakutaja ng'ombe yeyote.
Alitaja njaa, alitaja kodi,
na siku moja, amelewa, alitaja harufu ya zizi
mvua ya kwanza ikiligusa,
kisha akatufukuza tukacheze.

Jioni ya kuondoka ndama waligoma mlangoni.
Mjukuu wa shangazi anapiga fimbo hewani,
vumbi limesimama, jua limo ndani yake.
Sikukusudia. Mdomo ulinitoka:
"Sholoo, sholoo-wee."

Masikio yote yakageuka,
ya ndama, ya watu.
Shangazi aliweka upawa chini.
"Nani kakufundisha hilo?"

Nikamwambia. Ndilo neno pekee alilotuachia,
kila usiku, wajukuu saba kwenye jamvi moja,
kabla hajapuliza kibatari.
Tulidhani ni Kigogo cha "laleni salama".
Dada yangu huwaambia wanawe hivyo mpaka sasa,
huko Tanga, kwenye kitanda chenye chandarua.

Alicheka, Sechelela, akashika mbavu,
akajifuta macho kwa pindo la kanga,
akaanza tena upya kucheka,
kisha haikuwa tena kicheko.
"Mwanangu," alisema,
"alikuwa anawahesabu. Hivyo huitwa
akishaona wote wamo."

Ndama wakaingia mmoja mmoja.
Akabaki mwekundu mwenye doa jeupe puani,
amesimama nje ananikodolea
kama mtu anayejaribu kukumbuka deni.
Nikarudia neno, kwa sauti ya chini,
ile ya kibatari.

Akapita, bila haraka,
akinipangusa paja kwa ubavu wake.